Mashine Haichoki

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na nimeitamka mbele ya wanafunzi mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Lakini nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu niliitamka kwa mdomo tu. Nilipokuwa ubaoni, na hasa nilipokuwa na daftari la alama mkononi, niliishi kama mtu anayeamini kwamba akili ni ya namna moja, kipimo chake ni kimoja, na aliyepungukiwa nayo amepungukiwa utu. Katika kurasa hizi chache nataka kueleza jinsi kifaa kimoja kidogo chenye kioo kilivyonilazimisha kuirudia methali hiyo uzeeni, na kujiuliza kama niliwahi kuielewa.

Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1986 na nikastaafu mwaka 2024. Miaka mingi ya kazi hiyo niliitumikia wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, mahali ambapo msimu wa machungwa ukifika hata mtoto wa darasa la kwanza anajua bei ya fungu. Nilipoanza, mtoto mwenye ulemavu wa akili hakuwa jambo la mwalimu wa shule ya kawaida. Alikuwa jambo la mama yake. Wengine walifichwa ndani wageni walipobisha hodi. Majina waliyopewa mtaani, taahira, punguani, zezeta, yalitumiwa pia na sisi walimu kuwatukana watoto waliokosea hesabu, wala hatukuona aibu.

Mwezi Juni mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana katika mji wa Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule ya kawaida imfungulie mlango kila mtoto, na kwamba shule ndiyo ijirekebishe kulingana na mtoto. Maneno hayo yalichukua miaka kufika kwetu. Kwanza vilikuja vitengo, yaani chumba kimoja pembeni mwa shule ya kawaida kikiwa na mwalimu wake. Kisha ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na neno elimu jumuishi likaanza kusikika katika semina. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, madarasa yalifurika. Hivyo mlango ulipokuwa unafunguka kwa wale waliokuwa wamefungiwa nje, ndani hapakuwa na pa kukaa. Darasa langu la mwisho, la tatu, lilikuwa na wanafunzi 104. Wawili kati yao walikuwa na ulemavu wa akili. Mmoja wao nitamwita Saidi, ingawa si jina lake.

Saidi alikuwa na umri wa miaka 12. Alizaliwa na ile hali ambayo daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza mwaka 1866, na ambayo wanasayansi wa Ufaransa waligundua mwaka 1959 kwamba hutokana na mtu kuwa na kromosomu moja ya ziada. Kusema kwake kulikuwa kwa maneno machache na mazito. Alipenda kuamkiana. Angeweza kukupa shikamoo mara sita kwa asubuhi moja, na kila mara alingoja aitikiwe marahaba ndipo aondoke. Mama yake aliuza machungwa stendi.

Sasa nije kwenye kifaa. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa wapewe walimu. Navyo vikatufikia. Vilikusudiwa kazi za mwalimu, kuandaa masomo na kutunza kumbukumbu, lakini haikupita muda tukaanza kuwaza jinsi ya kuvitumia na watoto. Mwalimu mmoja kijana, ambaye wanafunzi walimwita Madam, alipakua programu za kuhesabu na za kutambua herufi. Hapo ndipo mjadala ulipoanza chini ya mwembe wa walimu, na uliendelea kwa muhula mzima.

Nimeusikiliza mjadala huo kwa makini kwa sababu niliona kwamba maneno yalikuwa ya vifaa, lakini jambo lenyewe lilikuwa watoto. Wengine walisema kwamba kifaa ni anasa. Shule haina madawati ya kutosha, choo kimoja kinahudumia watoto wasiohesabika, umeme unakatika, halafu kishikwambi apewe mtoto ambaye hatafaulu mtihani hata ukimpa vishikwambi kumi? Wengine waliogopa. Kifaa kikianguka, nani atalipa? Kikiibwa, nani ataandika maelezo? Hao walivifungia vyao kabatini, na huko vikalala mpaka betri zikafa. Kundi la tatu lilifurahi kupita kiasi. Walisema sasa tatizo limekwisha: mtoto mwenye ulemavu wa akili apewe chake, akae nyuma, naye mwalimu aendelee na wale wengine.

Mimi nilikuwa katika kundi hili la tatu. Sikusema kwa sauti, lakini nilitenda.

Kabla sijaeleza nilivyotenda, niwajibu kwanza wale wa anasa, maana hoja yao ina nguvu ya nje kuliko ya ndani. Katika karne ya 19 huko Ufaransa, daktari Itard, na baada yake Séguin, walitengeneza vifaa vya mbao na herufi za kushikika ili kuwafundisha watoto ambao wenzao waliwaona hawafundishiki. Maria Montessori wa Italia alijifunza kwao, akafanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili, kisha mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya watoto mjini Rome na kuzitumia njia hizo kwa watoto wa kawaida. Leo mtoto wa tajiri anayelipiwa ada kubwa shule ya chekechea anacheza na vifaa ambavyo mizizi yake ni kwa mtoto aliyeonekana hafai kitu. Kwa hiyo anayesema kwamba kumtafutia kifaa mtoto huyu ni kupoteza mali, hajui deni tulilo nalo kwake. Yeye ndiye aliyetufundisha kufundisha.

Tena neno "hatafaulu" lina hila. Linachukulia kwamba shule ipo kwa ajili ya mtihani. Kama ni hivyo, basi hata wale watoto wengine tunawafanyia biashara, si malezi.

Lakini kuwajibu wenzangu ni rahisi. Ngoja nije kwangu mwenyewe.

Nilimpa Saidi kishikwambi changu mwanzoni mwa mwaka 2023. Nilimkalisha dawati la nyuma, karibu na dirisha, nikamfungulia programu ya kuhesabu. Picha za matunda zilijitokeza, yeye akagusa moja moja, na sauti ikahesabu. Akigusa tarakimu sahihi, nyota zilimwagika na sauti ikasema amefanya vizuri. Akikosea, sauti ilimwambia kwa upole ajaribu tena. Darasa likatulia. Saidi hakuzurura tena kati ya madawati akitoa shikamoo. Nilifundisha kugawanya bila kukatizwa. Siku moja tulitembelewa na wageni kutoka ofisi za juu, wakamwona, wakatabasamu, wakaandika kitu katika daftari zao. Nilijiona mwalimu wa kisasa.

Na kwa kweli Saidi alijifunza. Hili sitalikana ili hoja yangu ipendeze. Kwa miaka miwili tulikuwa tumeshindwa kumfikisha zaidi ya tatu. Kwa majuma machache kifaa kilimfikisha tano, kisha saba. Nilipojiuliza kwa nini, jibu lilikuwa wazi mno hata likaniumiza. Mtoto wa namna hii anahitaji mambo manne: kazi igawanywe hatua ndogo ndogo, kila hatua irudiwe mara nyingi, ajue papo hapo kama amepatia, na asitishwe anapokosea. Mambo hayo yote nilifundishwa chuoni. Kishikwambi kilikuwa kinayatenda. Mimi nilikuwa nayajua tu.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mwaka 1997 nilikuwa na mwanafunzi mwingine, mvulana mzito wa kuelewa, ambaye nadhani leo angeandikiwa fomu na kuitwa mwenye ulemavu wa akili. Wakati ule tulimwita mzembe. Siku moja nilimwuliza tano kujumlisha tatu. Akasema sita. Nikamweleza, nikauliza tena. Sita. Mara ya nne nilimchapa. Mara ya tano alinitazama, akatazama fimbo, akasema sita. Nilidhani ananidhihaki. Nilimchapa mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja mlangoni. Yule mtoto hakurudi shuleni baada ya likizo, na mimi sikwenda kwao kuuliza.

Basi unaweza kuelewa nilivyojisikia nilipomsikia mashine akimwambia Saidi kwa mara ya arobaini, kwa sauti ileile isiyo na kero, jaribu tena. Madam alikuwa karibu. Akasema, bila kujua anamwambia nani, "Mzee, hiki kitu kina subira kuliko sisi wote."

Nikabaki na neno hilo siku nyingi. Je, ni kweli? Kama mashine ina subira kuliko mwalimu, basi haki ya mtoto ni kupewa mashine, na mwalimu ajiondoe kwa adabu. Hili si swali la mzaha. Kila fimbo niliyoichapa ni ushahidi upande wa mashine.

Nilifikia kwanza jibu hili: mashine haina subira. Mashine haichoki, na kutochoka si subira. Subira ni ya mtu ambaye hasira imempanda naye akaizuia, ambaye ana haraka lakini akakaa. Mwanafalsafa Myunani Aristotle alifundisha kwamba wema wa tabia hupatikana kwa kutenda mara kwa mara, kama fundi anavyopata ufundi. Mashine haikupata upole wake kwa kushinda kitu chochote ndani yake. Jiwe halisengenyi watu, lakini hatulisifu kwa kuuzuia ulimi.

Jibu hilo lilinifurahisha kwa siku mbili tatu, kisha nikaona udhaifu wake. Linaitetea sifa ya mwalimu, halimtetei mtoto. Mtoto anayechapwa hapati nafuu kwa kujua kwamba anayemchapa, siku nyingine, angeweza kuwa na subira ya kweli. Kwake yeye kutochoka kwa mashine ni bora kuliko hasira ya mtu. Kwa hiyo nakiri, na ningependa walimu wenzangu wakiri: mahali ambapo hatuwezi kuwa wapole, heri kifaa. Anayekidharau kishikwambi aulizwe kwanza fimbo yake iko wapi.

Kilichonigeuza halikuwa wazo. Ilikuwa siku moja ya mwezi wa tatu, kipindi cha hesabu, nikiwa nimesimama mlangoni kupata hewa. Saidi alipatia kumi. Nyota zikamwagika kwenye kioo, sauti ikamsifu. Naye akainua kichwa, akageuka kulia, akageuka kushoto, akageuka nyuma ambako kuna ukuta. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha. Watoto wote walikuwa wameinamia madaftari. Mimi nilikuwa mlangoni, na kabla macho yetu hayajakutana alikwisha kurudi kwenye kioo, akagusa, matunda mengine yakatokea.

Nikajaribu kukumbuka ni lini mtu yeyote darasani alizungumza na Saidi. Sikukumbuka juma lile. Wala juma lililotangulia. Shikamoo zake zilikuwa zimekwisha. Sisi tuliona utulivu, tukauita maendeleo. Tulikuwa tumemwondoa katika kitengo, tukamwingiza darasani, kisha tukamjengea kitengo kingine cha ukubwa wa kiganja cha mkono na kumfungia humo. Mlango wa kitengo hiki haukuwa na komeo, maana mwenyewe hakutaka kutoka.

Mchana ule nilichukua machungwa matano, nikayapanga mezani mbele yake, nikamwomba ahesabu. Alinitazama. Akaligusa chungwa la kwanza kwa ncha ya kidole kama anavyogusa kioo, akangoja. Akaligusa tena, akangoja. Alikuwa anangoja chungwa liseme.

Walimu wa elimu maalumu wanalijua jambo hili: kwa watoto hawa kujua kitu mahali pamoja si kukijua mahali pengine. Ndiyo sababu hushauriwa kuanza na kitu halisi, kisha picha, kisha alama. Sisi tulianza na picha, tena picha za matufaha. Katika maisha yake Saidi hajala tufaha. Mama yake anauza machungwa, naye tulimfundisha kuhesabu tunda la Ulaya, kwa sauti yenye matamshi ya kigeni, hadi chungwa la mama yake likawa bubu.

Niliwahi kusoma habari za Alfred Binet, ambaye mwaka 1905, pamoja na mwenzake Simon, alitunga kipimo cha akili huko Paris. Nia yake ilikuwa njema. Aliombwa namna ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni, naye alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Lakini kipimo kilivuka bahari kikafika Marekani, na huko kikatumiwa kuwatenga watu na kuwatia alama. Fikra za namna hiyo ndizo zilizoota hadi mwaka 1927 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaruhusu mwanamke aliyeitwa punguani wa akili afungwe kizazi kwa nguvu ya sheria. Kifaa kilichotungwa ili mtoto afikiwe kikawa ukuta wa kumzuia. Kipimo cha Binet nacho kilikuwa teknolojia, ingawa kilikuwa cha karatasi. Nilipomkumbuka Binet, nilielewa kwamba nia njema ya aliyetengeneza kifaa haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni swali linaloulizwa kila siku na yule aliyekishika: kinamleta karibu, au kinamsogeza mbali?

Nilimweleza Madam niliyoyaona. Nilitarajia atajitetea, maana yeye ndiye aliyepakua programu zile. Hakujitetea. Siku iliyofuata alichukua kishikwambi, akaenda na Saidi hadi stendi kwa mama yake. Akapiga picha za machungwa ya pale, fungu la moja, la mawili, mpaka la matano. Akarekodi sauti ya mama akihesabu. Akapiga picha ya mkono wa Saidi mwenyewe ukiliweka chungwa juu ya gunia. Akazipanga zile picha kwa mfuatano. Mama Saidi alicheka, akasema, "Madam, kumbe na mimi ni mwalimu!"

Baada ya hapo kila hesabu ilianza na machungwa mezani, ndipo ikaja picha ya machungwa yaleyale, ndipo tarakimu. Kifaa kilikuwa kilekile, gharama ileile. Lakini sasa kilikuwa kinasema sauti ya mama.

Hata hivyo lilibaki swali la nani atamtazama anapogeuka. Hapa hesabu inakuwa ngumu, na sipendi wanaoirukia. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Gawanya kwa wanafunzi 104. Kila mmoja anapata sekunde 23, kama mwalimu hatageuka ubaoni wala kukohoa. Nikimpa Saidi dakika tano, nimechukua fungu la watoto kumi na wawili. Nao wana mama zao. Nao wana haki. Kuna wanaosema kwamba usawa ni kumpa kila mtu sawa, na kuna waliosema tangu zamani kwamba wasiolingana wakipewa sawa, hiyo nayo ni dhuluma. Nakubaliana na hao wa pili, lakini kukubali kwangu hakuongezi sekunde hata moja.

Nilipomwambia Madam hesabu hii, alinijibu, "Mzee, unahesabu macho yako mawili tu. Mle ndani mna macho mia mbili."

Akamtoa Saidi dawati la nyuma, akamweka la katikati, na kishikwambi akakiweka kati yake na msichana mmoja mchangamfu. Wakawa wanacheza kwa zamu, huyu anapanga machungwa, yule anagusa tarakimu. Saidi alipopatia na kugeuka, uso wa mtu ulikuwa pale. Msichana alimpigia makofi, mara nyingine alimcheka, mara nyingine alimnyang'anya zamu na Saidi akapiga kelele. Kelele zilirudi darasani. Na shikamoo zikarudi.

Ningependa kuishia hapa, lakini nitakuwa nimedanganya. Baada ya majuma matatu mama wa yule msichana alikuja shuleni. Alikuwa na heshima, ila hakutabasamu. Alisema, "Mwalimu, shikamoo. Mimi sina ubaya na mtoto wa mwenzangu. Lakini binti yangu nimemleta kusoma, sikumleta kulea."

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo nadhani alikuwa na haki ya kusema. Mwanafalsafa Mjerumani Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia shabaha ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeona ubaya wa kumfanya mashine kuwa mwenzi wa Saidi. Je, sasa nilikuwa nimemfanya mtoto wa watu kuwa mashine ya Saidi? Ningeweza kumwambia kwamba binti yake alikuwa anajifunza kueleza, na anayeeleza huelewa zaidi. Ni kweli kwa kiasi, lakini sikuwa na alama za kumwonyesha, na hata ningekuwa nazo, hoja hiyo ingekuwa ileile ya kumtumia, ila kwa faida yake.

Tulichofanya ni kidogo. Tuliwauliza watoto nani anataka kukaa na Saidi, tukaweka zamu ya juma moja moja, na asiyetaka hakulazimishwa. Walijitokeza kumi na tisa. Yule msichana aliomba kurudi kwa rafiki zake, akarudi, na baada ya mwezi akaomba zamu tena. Sikumwuliza kwa nini. Nadhani tofauti ya mwenzi na chombo imo humo: mwenzi ana ruhusa ya kuchoka. Anaweza kusema leo sitaki. Mashine haiwezi kukataa kukaa na Saidi, kwa hiyo haiwezi pia kumchagua. Na mtoto yule, kwa akili yake tuliyoiita pungufu, alilijua hili kabla yangu. Alipogeuka siku ile hakuwa anatafuta sifa, maana sifa alikwisha kupewa na nyota zote zile. Alikuwa anatafuta mtu ambaye angeweza kutomtazama, lakini akamtazama.

Basi msimamo wangu, baada ya miaka 38 ya chaki na mwaka mmoja na ushee wa kioo, ni huu. Silaani kifaa. Aliyewahi kumchapa mtoto kwa sababu ya sita hana kimo cha kukilaani. Kifaa kifanye kile ambacho mtu akikifanya mara arobaini huanza kuchukia. Kiseme lugha ya nyumbani kwa mtoto, kionyeshe vitu vya nyumbani kwake. Kisiwekwe mbele ya mtoto mmoja penye ukuta nyuma yake, kiwekwe kati ya wawili. Na mwalimu anayetaka kujua kama anakitumia vizuri asiangalie ni kiwango gani mtoto amefikia tu. Ahesabu pia kwa siku moja ni watu wangapi wamemwita mtoto huyo kwa jina lake. Idadi hiyo ikipungua tangu kifaa kilipoingia, kifaa kimekuwa kabati, na mtoto ndiye aliyefungiwa ndani.

Najua walio kazini watasema kwamba mstaafu ana muda wa kufikiri. Ni kweli. Sekunde 23 zao si zangu tena, na sitaki kuwaongezea mzigo kwa maneno mazuri. Nawaombea madarasa madogo na wenzao waliosomea elimu maalumu, kwa sababu hakuna fikra itakayochukua nafasi ya mwalimu wa pili darasani. Lakini wakati tunangoja hayo, na tumeyangoja tangu 1994, sekunde moja ya kuinua macho haihitaji bajeti.

Juma lililopita nilipita stendi. Saidi alikuwa na mama yake, anapanga mafungu ya machungwa matano matano juu ya gunia. Akinipangia langu alihesabu kwa sauti, akiligusa kila chungwa bila kungoja liseme. Fungu moja lilikuwa na sita. Mama yake akataka kulitoa la ziada. Nikamwambia aliache, mimi nitalilipia.

Akanipa shikamoo. Nikaitika. Akanipa tena.